Wasomaji Wauliza: Kistari Kidogo Kwenye Mchoro

Mwezi huu barua zimekuja na hofu moja, saratani, na karibu kila barua imebeba namba iliyookotwa mahali: kwenye simu, kwa jirani, kwa mteja. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kukaa na namba za aina hiyo katika utafiti na kuwafundisha vijana kuzihesabu, kwa hiyo mhariri ameniachia ukurasa wote. Nimechagua barua tano nikazifupisha. Majina nimeyaondoa.

*Mwalimu, nauza smoki, zile soseji za moshi, na mayai ya kuchemsha Githurai 45. Juzi mteja ninayemheshimu alinionyesha kwenye simu kwamba smoki iko kundi moja na sigara kwa mambo ya saratani, na kwamba ukila kila siku hatari inapanda asilimia 18. Wengine wamesikia na sasa wananipita. Je, mimi nauza sumu? — Mchuuzi, Githurai*

Ndugu yangu, mteja wako hajasema uongo. Amesoma mambo mawili tofauti akayafunga kwa kamba moja.

La kwanza ni hilo kundi. Mwaka 2015 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliweka nyama iliyosindikwa katika Kundi la 1, pamoja na tumbaku. Humo mna soseji, bekoni na smoki yako. Lakini makundi hayo hupima uimara wa ushahidi tu, hayapimi ukubwa wa madhara. Mashahidi wanaweza kusimama mahakamani wakiwa na hakika kabisa kwamba fulani aliiba, na hakika yao isikuambie kama aliiba kuku au ng'ombe. Sigara iliiba zizi zima: mvutaji ana hatari ya kupata saratani ya mapafu mara 15 hadi 30 kuliko asiyevuta. Nyama iliyosindikwa, kwa kila gramu 50 mtu anazokula kila siku, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa hiyo asilimia 18.

La pili: asilimia 18 ya nini? Hapo ndipo watu wengi huteleza. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika watu 1,000 wasiogusa nyama hizo, 20 wangepata saratani ya utumbo mpana katika maisha yao. Asilimia 18 ya 20 ni karibu watu 4. Basi wale 1,000 wakianza kula kila siku, wagonjwa watakuwa kama 24. Hao wanne wana watoto na wana majina, siwadharau hata kidogo. Ila anayesikia "asilimia 18" bila kuuliza ni ya nini huona akilini watu 180 wameanguka, na hao hawapo.

Usimwambie mteja kwamba smoki haina neno, kwa sababu inalo. Anayekula mbili asubuhi na mbili jioni, siku zote, mwambie apunguze, na umuuzie yai lenye kachumbari. Ningekuwa wewe ningeongeza mayai na viazi vitamu kwenye toroli, smoki zikabaki upande mmoja. Mwenye kilo nzima ya wasiwasi na pakiti ya sigara mfukoni, huyo mwambie aanze na pakiti.

*Mwalimu, binti yangu mkubwa alichanjwa HPV, ile chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, sindano mbili. Sasa mdogo wake ametimiza miaka 10 na muuguzi anasema moja inatosha. Nilipouliza kwa nini, akasema ni utafiti. Utafiti wa wapi? Watoto wetu wanajaribiwa, au pesa za chanjo zimeisha? — Mama wa wasichana wawili, Kangemi*

Mama, utafiti ni wa hapa hapa: Thika, Nairobi na Kisumu. Na hao waliojitolea kupimwa si watoto wa miaka 10.

Chanjo ilipozinduliwa nchini Oktoba 2019, ratiba ilikuwa sindano mbili kwa kupishana miezi sita. Lakini tangu Desemba 2018 watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Marekani walikuwa wameshaanza kuandikisha wasichana katika utafiti ulioitwa KEN SHE. Walioingia ni 2,275, wa umri wa miaka 15 hadi 20, ambao tayari walikuwa wameanza mahusiano. Waligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata sindano moja ya chanjo inayokinga aina tisa za virusi vya HPV, la pili sindano moja ya ile inayokinga aina mbili, 16 na 18, na la tatu, la kulinganishia, lilipata chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Msichana hakujua amechomwa ipi, na muuguzi aliyemhudumia pia hakujua. Baadaye kundi la tatu nalo lilipewa chanjo ya HPV.

Kwa nini bahati nasibu? Tuseme tungewalinganisha waliokwenda kliniki wenyewe kutafuta chanjo na ambao hawakwenda. Aliyekwenda huenda ana mama kama wewe, anayeandika barua magazetini kuuliza. Huenda ana nauli, au amesoma zaidi, au mpenzi wake ni mwaminifu. Tungeona tofauti tukaisifu chanjo, kumbe tunamsifu mama. Bahati nasibu huzitawanya tofauti hizo kote, tunazozijua na ambazo hatujawahi hata kuzifikiria. Katika kazi yetu sijaona kitu cha heshima zaidi ya hicho.

Sasa matokeo, na hapa naomba usome taratibu. Waliohesabiwa kwa swali kuu la aina 16 na 18 walikuwa 1,458, si wote 2,275, kwa sababu chanjo haifukuzi virusi vilivyokwisha kuingia. Waliokutwa na dalili za aina hizo mwanzoni waliwekwa kando, na kanuni ilikuwa ile ile kwa makundi yote matatu. Baada ya miezi 18, katika wasichana 473 waliopata chanjo ya uti wa mgongo, 36 walikuwa na maambukizi yaliyong'ang'ania, yaani virusi vile vile vimeonekana tena na tena. Katika 489 wa chanjo ya aina mbili alikuwa mmoja. Katika 496 wa chanjo ya aina tisa, mmoja. Huko ndiko ilikotoka ile kinga ya asilimia 97.5 unayoisikia redioni.

Watafiti hawakuishia kwenye 97.5. Waliandika pia kwamba, kwa idadi waliyokuwa nayo, kinga ya kweli yaweza kuwa popote kuanzia karibu asilimia 82 hadi zaidi ya 99. Masafa hayo ni mapana kwa sababu yanategemea msichana mmoja: angeongezeka wa pili, hesabu ingesogea. Namba isiyoonyesha masafa yake mimi huisoma kwa shaka.

Kuna jambo moja ambalo una haki ya kuliuliza. Walipima maambukizi, hawakupima saratani. Saratani ya mlango wa kizazi huchukua miaka mingi, mara nyingi 15 hadi 20, kutoka virusi hadi uvimbe, na kusubiri kiasi hicho kungemaanisha kuacha wasichana wa kizazi kizima bila kinga. Lakini saratani hiyo karibu siku zote hupitia mlango wa maambukizi yanayong'ang'ania. Ukifunga mlango, umefunga njia. Ndiyo maana Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya sindano moja au mbili kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi hawamo katika ruhusa hiyo: wao wanahitaji angalau mbili, na ikiwezekana tatu.

Kuhusu pesa, ndiyo, sindano moja inaokoa pesa, na sioni aibu ndani yake. Chupa zilizotosha wasichana mia sasa zinatosha mia mbili. Mpeleke mtoto.

*Mwalimu, kaka yangu aligunduliwa saratani ya tezi dume akiwa tayari na maumivu ya mgongo, akaishi miaka miwili. Jirani yangu alipimwa damu tu kazini, hana dalili, akaambiwa anayo. Sasa ni mwaka wa saba na anatembea. Si ni wazi kwamba kipimo kilimpa miaka mitano? — Mzee, Rongai*

Pole kwa kaka yako, mzee.

Unaijua matatu ya Rongai vizuri kuliko mimi. Watu wawili wameketi kiti kimoja. Mmoja alipandia Railways, mwingine akaingia Bomas. Wanashuka pamoja mwisho wa safari. Ukiwauliza wamekaa ndani muda gani, wa Railways atakuambia saa nzima na nusu, wa Bomas atasema dakika arobaini. Gari ni lile lile na limefika saa ile ile, walichotofautiana ni mahali pa kuanzia kuhesabu.

Jirani yako saa yake ilianza mapema. Miaka mingine katika hiyo saba ni ile ambayo kaka yako pia aliiishi, ila hakuwa amejua. Pia kuna saratani za tezi dume zinazokwenda pole pole mno, mtu akafa uzeeni kwa sababu nyingine kabisa. Kipimo cha damu huzikamata hizo kwa urahisi, kwa sababu hukaa miaka mingi zikisubiri kukamatwa, huku zile kali zikipita kati ya kipimo na kipimo. Kwa hiyo kuwalinganisha "waliogunduliwa mapema" na "waliochelewa" karibu siku zote kutakupa jibu tamu, hata kama kipimo hakijaokoa mtu.

Dawa ya tatizo hilo ni kuacha kuhesabu miaka tangu kugunduliwa, na kuhesabu vifo katika watu wote walioalikwa kupimwa dhidi ya wote ambao hawakualikwa, wakiwa wamegawanywa kwa bahati nasibu. Ulaya walifanya hivyo kwa tezi dume kuanzia miaka ya 1990. Baada ya miaka 13 walikadiria kwamba kifo kimoja kilizuiwa kwa kila wanaume 781 walioalikwa, na baada ya miaka 23 kimoja kwa kila 456. Faida ipo, ni ndogo, na inachelewa kuonekana. Hao ni wanaume wa Ulaya. Wanaume wenye asili ya Kiafrika hupatwa na ugonjwa huu kwa wingi zaidi, kwa hiyo zungumza na daktari, hasa ukiwa na kaka aliyekufa nao. Siwezi kukuambia usipime.

Saratani ya mlango wa kizazi ni habari nyingine, na nataka wake zenu waisikie, kwa sababu huko kipimo hupata kidonda kabla hakijawa saratani na kikaondolewa. Huko Osmanabad, India, makundi 52 ya vijiji yaligawanywa kwa bahati nasibu, wanawake zaidi ya 130,000. Katika vile vilivyopimwa HPV mara moja tu maishani, walikufa wanawake 34 kwa saratani hiyo. Katika vile visivyopimwa walikufa 64, ingawa wanawake wake walikuwa wachache kidogo. Hapo hakuna ujanja wa mahali pa kupandia gari.

*Mwalimu, mimi ni kifungua mimba. Mama ana miaka 58 na saratani ya matiti, hatua ya tatu. Nimesoma kwenye simu asilimia za watu wanaofika miaka mitano, kila tovuti na yake, na sasa silali. Mama mwenyewe haniulizi kitu, anashona vitambaa vyake tu. Nishike namba gani? — Binti, Kayole*

Binti yangu, nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko zote.

Asilimia za kwenye simu si za mama yako. Ni za wanawake waliogunduliwa miaka mingi iliyopita, maana lazima miaka mitano ipite ndipo mtu aweze kuhesabu miaka mitano. Wengi wao ni wa Marekani na Ulaya, wenye mashine nyingine na dawa nyingine. Tovuti moja imechanganya hatua zote, nyingine imetenga hatua ya tatu peke yake, nyingine imeondoa waliokufa kwa ugonjwa mwingine. Ndiyo sababu hazipatani.

Nitakuonyesha namba hiyo inavyopikwa, kwa sababu ukiijua haitakutisha kwa namna ile ile. Vijana wapya wanapoingia kazini mwetu mimi huwapa punje kumi za mahindi. Fanya hivyo na wewe, mezani. Punje kumi ni wanawake kumi walioanza matibabu siku moja. Mwezi wa sita mmoja anafariki: toa punje moja. Wamebaki tisa kwa kumi, asilimia 90. Mwezi wa tisa watatu wanaacha kuja kliniki na simu zao hazipatikani. Usiwatupe. Wasogeze ukingoni mwa meza. Katikati sasa wamebaki sita. Mwezi wa kumi na mbili wawili wanafariki: wamebaki wanne kwa sita, karibu asilimia 67. Zidisha asilimia 90 kwa asilimia 67 upate kama asilimia 60. Hiyo ndiyo asilimia ya kuishi mwaka mmoja, na ukiichora inakuwa ngazi inayoshuka kidato kwa kidato.

Njia hiyo ni ya Edward Kaplan na Paul Meier, mwaka 1958. Meier alikuwa na wagonjwa. Kaplan alikuwa akifuatilia muda wa kudumu wa mirija ya kukuza sauti katika nyaya za simu zilizo chini ya bahari. Kila mmoja alikuwa ameandika kivyake, wakashauriwa kuunganisha. Uzuri wake ni kwamba wale watatu wa ukingoni hawafukuzwi, na hawauawi kwenye karatasi. Wanahesabiwa hadi siku ya mwisho walipoonekana, kisha wanaachwa kwa heshima. Kwenye mchoro kila mmoja wao ni kistari kidogo kilichosimama juu ya ngazi.

Lakini njia hiyo ina sharti: walioondoka wawe kama waliobaki. Na mrija wa simu haukosi nauli ya kurudi kliniki. Mrija hauambiwi na wanawe "mama, twende nyumbani upumzike". Hapa Nairobi anayeacha kuja mara nyingi ni aliyezidiwa, au aliyeishiwa pesa, au vyote viwili. Rudi mezani. Kama wale watatu wote wako hai, asilimia ya kweli ni 70. Kama wote walifariki kabla ya mwaka kwisha, ni 40. Mchoro unasema 60 kwa sauti ile ile tulivu, na punje tatu zimekaa ukingoni zikijua jibu.

Mama yangu ni mmoja wa vistari hivyo.

Alikuja kwangu Donholm kutibiwa saratani ya matiti, akitoka Mbooni. Kadi yake ya kliniki ninayo, rangi ya samawati, kona moja imeliwa na maji, na safu ya tarehe imeandikwa kwa kalamu tofauti tofauti kulingana na nani alikuwa zamu. Baada ya kemo ya tano alisema anataka kuona maembe yake. Tulimrudisha mwezi wa sita. Alifariki mwezi wa nane, asubuhi, mlango ukiwa wazi kwa sababu alitaka upepo. Naibu wa chifu alikuja akajaza fomu, na sababu ya kifo akaiandika kama tulivyomwambia. Mstari wa mwisho kwenye kadi ni tarehe ya kurudi kliniki, mwezi wa saba, na mbele yake pako wazi. Hospitali haikupiga simu. Nami, niliyekuwa nikifanya kazi hii hii na kuwalalamikia makarani kwa nafasi zilizo wazi, sikupiga pia. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kifo chake kinahitajika daftarini. Kwa hiyo huko bado hajafa. Ameonekana mara ya mwisho mwezi wa sita, akiwa hai.

Ndiyo maana mimi huheshimu sana watafiti wa ABC-DO, waliofuatilia wanawake wenye saratani ya matiti Uganda, Zambia, Nigeria, Namibia na Afrika Kusini. Walimpigia kila mwanamke simu kila baada ya miezi mitatu, na asipopatikana wakampigia jamaa yake. Matokeo yao ya mwaka 2020 yalisema kwamba baada ya miaka mitatu karibu nusu walikuwa hai. Najua ni namba chungu, na huenda umeshaiona. Lakini ndani yake wamo waliogunduliwa wakiwa wamechelewa kabisa, na wengine walioshindwa kuanza au kumaliza matibabu. Watafiti hao hao walionyesha kwamba karibu theluthi moja ya vifo hivyo ingezuiliwa kwa kugundua mapema na kutibu ipasavyo. Mama yako ameshaanza dawa. Kazi yako kubwa ni amalize.

Jambo la mwisho kwako. Namba hizi hubadilika kadiri mtu anavyoishi. Tuseme katika wanawake 100, 80 wanafika miaka miwili na 60 wanafika mitano. Siku ya kwanza nafasi ya kufika mitano ni asilimia 60. Lakini aliyekwisha kufika miaka miwili yuko katika wale 80, na 60 kwa 80 ni asilimia 75. Kwa hiyo usibebe namba ya siku ya kwanza hadi mwisho kama jiwe. Kila mwaka muulize daktari upya: wanawake walioishi hadi hapa alipofika mama, wenye hatua kama yake na aina kama yake, wanaendeleaje? Na miaka mitano si ukuta. Ni mahali ambapo watafiti walizoea kusimama kuhesabu. Saratani nyingine za matiti hurudi baada ya hapo, kwa hiyo kliniki haiachwi hata mwaka wa sita.

Ikiwa siku moja mtaamua kumpeleka nyumbani, kwa sababu yoyote ile, wapigie kliniki uwaambie yuko wapi. Sajili ya Saratani ya Nairobi, iliyoanzishwa KEMRI mwaka 2001, ina makarani wanaopita hospitali na maabara wakikusanya majina, lakini hawawezi kufika Mbooni kuuliza. Makadirio ya mwaka 2020, wagonjwa wapya 42,116 na vifo 27,092 katika Kenya nzima, yalijengwa juu ya sajili chache za namna hiyo. Makadirio ya aina hiyo ndiyo yanayowekwa mezani mashine za mionzi zikigawanywa.

Na keti naye anaposhona. Akitaka kuuliza atauliza.

*Mwalimu, nilimaliza kemo na mionzi miaka miwili iliyopita, nikakubali kuingia utafiti wa manusura. Kila miezi mitatu simu inalia, maswali yale yale: ulichoka? ulilala? Siku mbaya huwa sipokei, nasubiri wiki nzuri niongee vizuri. Mimi ni fundi cherehani, vidole vina ganzi tangu kemo, sindano siisikii, na hilo hawajawahi kuniuliza. Nina haja gani ya kuendelea? — Fundi, Umoja*

Dada, hongera kwa miaka miwili.

Tumelelewa hivyo. Mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema nzuri, hata kama mtoto amelazwa, kisha ndipo unaongeza "ila". Utafiti hauna mahali pa kuandika "ila" yako. Ukipokea simu wiki nzuri tu, daftari litaonyesha mwanamke asiyechoka, na mwenzako wa Dandora anayeanza dawa hizo hizo kesho ataambiwa kwamba uchovu hupita haraka. Wengine wengi hufanya kama wewe. Siku zinazokosekana kwenye data zetu huwa ndizo siku mbaya kuliko zote, na hakuna hesabu ninayoijua inayoweza kuzirudisha zote. Tunaweza kukisia kwa uangalifu, basi.

Inaelekea unaulizwa dodoso la EORTC, shirika la Ulaya la utafiti wa saratani, lile la maswali 30, au nduguye. Mengi yanahusu wiki moja iliyopita na yana majibu manne, kutoka hapana kabisa hadi sana. Mawili ya mwisho yanakupa ngazi ya moja hadi saba. Ganzi ya vidole haimo katika hayo 30, uko sahihi. Lakini limo swali kama ulizuiliwa kufanya kazi yako, na limo jingine kama ugonjwa au matibabu yamekuletea shida za pesa. Hapo ndipo sindano inapoingia. Ukishajibu, mwambie anayekupigia: andika kando, vidole vyangu havisikii sindano, nimerudisha nguo za wateja. Mtafiti mzuri ataandika. Yakiandikwa na wanawake wa kutosha, yapo madodoso ya nyongeza yanayouliza ganzi waziwazi, na watayachukua. Umwambie daktari pia, usisubiri utafiti.

Una haki ya kujitoa siku yoyote, na matibabu yako hayataguswa. Ukitaka kujitoa, waambie, waandike tarehe na sababu. Ila kama bado una moyo wa kuendelea, basi siku ile ambayo uzi umekataa kuingia kwenye tundu la sindano na hutaki kusikia mtu, simu ikilia pokea hiyo. Ni dakika kumi. Na ukibadilisha laini, waachie namba ya binti yako au ya dada yako, pamoja na jina la kijiji chenu.